Takrima ya Mwenye Kuaga

Usiku wa tarehe 1 Desemba 2015, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, watu ambao miaka kumi na mitatu kabla ya hapo walimzomea Kobe Bryant alipokuwa akipokea tunzo ya mchezaji bora wa mechi ya nyota wote, ijapokuwa mji huo ndio uliomzaa na viunga vyake ndivyo vilivyomsomesha hata akatoka shule ya Lower Merion kwenda moja kwa moja kulipwa kwa mchezo wake, walisimama kwa maelfu wakampigia makofi; na Julius Erving, gwiji wa zamani wa timu ya mji huo, akamkabidhi fulana yake ya shule iliyotiwa katika fremu kama itiwavyo picha ya babu. Siku mbili nyuma Bryant alikuwa ametangaza, kwa shairi aliloliandika kuusemesha mpira wenyewe kana kwamba ni mahabubu wake, kuwa msimu ule ndio wa mwisho. Timu ya Philadelphia, ambayo tangu msimu uanze ilikuwa imecheza mara kumi na nane na kushindwa mara zote kumi na nane, ikashika mpira wake, ikamkabili mgeni huyo na timu yake ya Lakers ya Los Angeles, ikawashinda kwa pointi 103 kwa 91. Aliyeagwa kwa taadhima akaondoka na hidaya mkononi na kushindwa juu yake, na wenyeji waliompa hidaya wakaenda kulala na furaha yao ya kwanza ya msimu.

Ndani ya usiku huo limo swali zima ninalotaka kulichambua: je, mchezaji mkubwa wa mpira wa kikapu, akikaribia kustaafu, anastahili kufanyiwa takrima za kuagwa mji kwa mji, kwa zawadi, hotuba, sinema fupi za sifa na vilio vya mashabiki? Takrima ni neno zuri ambalo siasa za uchaguzi zimelitia doa, lakini mimi nalitumia kwa maana yake ya asili, yaani ukarimu atendewao mtu kwa ajili ya heshima yake. Kabla ya kujibu, yafaa tukumbuke kwamba lugha yetu hutenganisha mambo ambayo katika viwanja vya Marekani huchanganywa pamoja. Kuaga ni tendo la mwenye kuondoka. Kuagana ni tendo la wawili. Na kuagwa ni jambo afanyiwalo mtu na watu wengine, ambalo laweza kuwa la haki au la dhuluma kwa kadiri ya nani analifanya, kwa nini, na nani analilipia.

Desturi yenyewe si ya jana. Erving huyo huyo, ambaye watu walimwita Daktari, alitangaza mapema kuwa msimu wa 1986–87 ungekuwa wa mwisho wake, na kila mji aliokwenda ukamwandalia shughuli. Naye akawalipa watu wa Philadelphia kwa pointi 38 katika mechi yake ya mwisho ya msimu wa kawaida nyumbani, zikamfikisha pointi 30,000 ukihesabu ligi zote mbili alizochezea. Miaka miwili baadaye ikafika zamu ya Kareem Abdul-Jabbar, mtu mrefu zaidi ya mita 2.1, aliyezaliwa kwa jina la Lewis Alcindor, akasilimu, na mwaka 1971 akaanza kujulikana kwa jina ambalo msomaji wa pwani halihitajii tarjuma: mkarimu, mja wa Mwenye Nguvu. (Nasi katika Kiswahili tulilichukua neno hilo la mwisho tukamwita jabari kila mtu mkubwa wa maungo na nguvu, na sijui kama yupo katika historia ya mchezo huu aliyelistahili kuliko yeye.) Abdul-Jabbar alicheza misimu ishirini, akafunga pointi 38,387, hesabu ambayo haikupitwa na mtu mpaka LeBron James alipoipita mwezi wa Februari 2023, na katika msimu wake wa mwisho, akiwa amekaribia umri wa miaka 42 na wastani wake umeshuka mpaka pointi kumi kwa mechi, alizungushwa nchi nzima akipewa zawadi, hata wachezaji wenziwe wakachanga wakamnunulia gari la Rolls-Royce. Pamoja na hayo yote timu yake ilishinda mechi 57 msimu ule, ikafika fainali, na huko ndiko ilikoshindwa na Detroit mara nne mfululizo. Nayataja haya kwa sababu nitayarudia: jabari aliagwa, lakini kazi haikusimama ili aagwe.

Hoja ya kwanza ya wanaoziunga mkono takrima hizi ni deni. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na aliyewahi kukaa katika ukumbi wa taarabu anajua kutunza ni nini: mwimbaji anapolifikia neno lililomchoma mtu moyoni, mtu yule huinuka kitini, akacheza kidogo kidogo mpaka jukwaani, akamwekea fedha mkononi au kichwani, na hapana amwambiaye kuwa mwimbaji amekwisha kulipwa na mwenye shughuli. Ujira hulipa kazi; tunzo hulipa furaha, na furaha haina mkataba. Kwa hiyo wale wasemao kwamba wachezaji hawa walikwisha kulipwa mamilioni, na kwamba hawadai kitu zaidi, wanasema kweli katika hesabu lakini wanakosea katika desturi za binadamu. Mtoto wa Los Angeles aliyezaliwa mwaka 1996, mwaka ambao Bryant alipelekwa Lakers kwa kubadilishana na Vlade Divac, alikuwa na umri wa miaka ishirini mchezaji huyo alipoondoka, na hakupata kuiona timu ya mji wake bila yeye. Aliziona taji tano, aliona usiku wa Januari 2006 ambapo mtu mmoja alifunga pointi 81 dhidi ya Toronto. Na kama mtoto huyo akiinuka kitini akapiga makofi mpaka viganja viwashe, sioni ni kadhi gani atakayemhukumu.

Lakini methali inasema mcheza kwao, na hapa pana neno ambalo watu hulipita bila ya kulitazama. Haikusema kuwa kila achezaye hutunzwa kila mahali, wala haikusema kuwa wenye ukumbi ndio watunzao. Mwenye kutunza ni msikilizaji, kutoka katika kibindo chake mwenyewe. Sasa tuitazame Lakers. Mwezi wa Aprili 2013 Bryant alikatika mshipa mkubwa wa kisigino, maradhi ambayo aghalabu mchezaji wa umri wake hapoi akarudi kama alivyokuwa. Na mwezi wa Novemba mwaka huo huo, kabla hajarudi uwanjani hata mara moja, wenye timu walimtia saini mkataba wa miaka miwili wa dola milioni 48.5. Alicheza mechi sita msimu ule akavunjika goti, akacheza 35 msimu uliofuata akaumia bega, na katika msimu wa kuaga alilipwa dola milioni 25, mshahara mkubwa kupita wa mchezaji yeyote wa ligi, ilhali kikomo cha mishahara ya timu nzima kilikuwa dola milioni 70. Ule haukuwa ujira wa kazi iliyokuwa ikitazamiwa. Ulikuwa ni tunzo iliyovishwa nguo ya ujira, na kwa kuwa ligi ile huipimia kila timu kadiri ya fedha itakayotumia, kila dola iliyompa heshima mtu mmoja ilikuwa imeondolewa katika uwezo wa kumpata mwingine wa kumsaidia.

Matokeo yalionekana. Lakers ilishinda mechi 17 na kushindwa 65, hesabu mbaya kuliko zote katika historia yake ndefu. Mwishoni mwa Machi ilipigwa na Utah kwa pointi 123 kwa 75. Palikuwapo vijana ambao timu iliwategemea kwa miaka ya mbele, D'Angelo Russell aliyechaguliwa wa pili mwaka 2015, na Julius Randle, na Jordan Clarkson; nao, badala ya kukabidhiwa kazi waharibu na kujifunza, walipisha njia ili mzee apige mitupo yake, na katika mitupo mia mzee alikuwa akipata thelathini na sita tu. Mwalimu wao alikuwa Byron Scott, na katika hili pana kinaya kinachonipendeza, kwa kuwa Scott alikuwa mchezaji wa Lakers msimu ule ule alioagwa Abdul-Jabbar, kisha akamaliza siku zake katika timu hiyo mwaka ambao Bryant alikuwa kijana mgeni. Hivyo alipata kuzishuhudia takrima zote mbili, moja akiwa miongoni mwa wachezaji walioshinda mechi 57, na ya pili akiwa mwalimu aliyeshindwa mechi 65 na kuachishwa kazi siku chache baada ya taa za shughuli kuzimwa.

Yupo mgeni ambaye huaga saa mbili za usiku, na saa nne ungali unamsikia kizingitini akisimulia, mwenyeji ameshika taa, watoto wamelala sakafuni, na hapana athubutuye kumwambia kwa heri. Bryant aliaga mwishoni mwa Novemba na akatoka mlangoni katikati ya Aprili.

Tuje basi kwenye siku yenyewe ya kutoka. Ilikuwa tarehe 13 Aprili 2016 huko Los Angeles, na huku kwetu ilikuwa alfajiri ya tarehe 14, saa ambayo mtu mwenye busara huwa ametoka kusali akarudi kitandani. Nami, nisiyekuwa shabiki wa Lakers hata kidogo, nilikuwa macho. Bryant alipiga mitupo hamsini, akapata ishirini na miwili, akafunga pointi 60, ishirini na tatu kati ya hizo katika robo ya mwisho, na timu yake, iliyokuwa nyuma, ikawashinda Utah kwa 101 kwa 96. Sitasema uongo: niliinuka kitini. Lakini mtu aweza kuinuka kitini na baadaye akaketi kufikiri. Utah walikuwa wameingia uwanjani hali ya kuwa ushindi wa Houston jioni ile ulikwisha kuwafungia mlango wa mashindano ya mtoano. Hawakuwa na la kupata wala la kupoteza. Wenziwe Bryant walimpa mpira kila walipoupata. Mtu akipiga mitupo hamsini katika mechi yenye kugombewa hasa, huyo ni mbinafsi na mwalimu atamwita pembeni; akiipiga usiku wa kuagwa, huyo ni shujaa. Tendo ni lile lile, lililobadilika ni ruhusa. Na usiku ule ule, katika jimbo lile lile la California, Golden State ilishinda mechi yake ya 73 kati ya 82, hesabu ambayo timu yoyote ya ligi ile ilikuwa haijawahi kuifikia. Kazi ya watu wengi iliyofanywa kwa uaminifu tangu Oktoba, ikalazimika kugawana macho ya dunia na shughuli ya mtu mmoja.

Hapo ndipo hukumu yangu inapokaa, wala siioni kuwa ngumu kuitetea. Makofi anastahili. Machozi anastahili. Fulana yake kutundikwa darini anastahili, na Lakers walizitundika zote mbili, ya namba 8 na ya namba 24, Desemba 2017. Asichostahili, yeye wala mwingine yeyote, ni kupewa mchezo wenyewe uwe zawadi. Kwa maana mchezo si mali ya wenye timu, wala si mali yake, ni amana ya kila aliyelipa kiingilio akitazamia kuona watu wawili wakishindana kwa kweli. Ukimpa mtu ukumbi, umemkirimu. Ukimpa na matokeo pia, umemlisha kitu ambacho yeye mwenyewe, katika siku zake za nguvu, angekitema.

Vipi basi kuhusu mahasimu? Watu wengi huona kuwa ni unafiki kwa mji uliomchukia mtu miaka ishirini kumpa zawadi siku ya mwisho, na mimi nilikuwa na rai hiyo zamani. Nimeiacha. Sifa ya nyumbani ina mapenzi ndani yake, na mapenzi si shahidi mwema. Ila sifa ya hasimu ni ushahidi wa mtu asiye na sababu ya kusema uongo. Boston, ambao walifungwa na Bryant katika fainali ya 2010 baada ya kumfunga katika ile ya 2008, walimpa mwezi wa Desemba 2015 kipande cha mbao za sakafu yao mashuhuri. Kwa fedha ni kitu kidogo. Kwa maana ni kama mtu kukupa kokoto ya uwanja lilipomwagika jasho lake na lako. Kinyume chake ni lile jambo la Miami la Aprili 2003, walipoitundika darini fulana namba 23 ya Michael Jordan, mtu ambaye hakuwachezea hata dakika moja. Ushahidi wa hasimu una thamani maadamu amebaki kuwa hasimu. Akijitia kuwa ni wa nyumbani, ushahidi umeharibika.

Pana jambo zito zaidi ambalo shughuli hizi hulipitia mbali. Mwaka 2003 Bryant alishitakiwa huko Colorado kwa kosa la kumbaka mwanamke. Mwaka 2004 mashitaka ya jinai yaliondolewa, kwa kuwa mlalamikaji hakuwa tayari kutoa ushahidi. Bryant akatoa tamko la kuomba radhi, akikiri kwamba ameelewa kuwa mwanamke yule hakuliona tendo lile kuwa la kuridhiana, ingawa yeye aliliona hivyo. Na shauri la madai likamalizwa kwa mapatano mwaka uliofuata. Mahakama haikumtia hatiani, wala mimi si mahakama. Lakini katika miezi minne na nusu ya sifa, mji baada ya mji, jambo hilo lilitajwa kwa nadra kama litajwavyo deni la marehemu mbele ya wafiwa. Wenye kutetea husema kuwa kinachosifiwa ni mkono uliotupa mpira, si nafsi ya mwenye mkono. Ingekuwa hivyo ningenyamaza. Tabia ya sifa zikizidi ni kwamba hazikai mkononi. Hupanda zikaingia moyoni, na mtu aliyekuwa akisifiwa kwa kulenga kikapu akajikuta anasifiwa kwa uadilifu. Takrima ndogo hukumbuka inachokishukuru. Takrima kubwa husahau.

Wapo walioikataa. Tim Duncan, mwogeleaji wa kisiwa cha Saint Croix aliyegeukia kikapu baada ya kimbunga cha mwaka 1989 kuliharibu bwawa lao, alicheza misimu 19 katika timu moja ya San Antonio, akatwaa taji tano sawasawa na Bryant. Na tarehe 11 Julai 2016, miezi mitatu tu baada ya zile pointi 60, akastaafu kwa tangazo fupi lililotolewa na timu yake, bila ya yeye mwenyewe kuketi mbele ya waandishi. Msimu wake wa mwisho timu ilishinda mechi 67. Watu wamemfanya kuwa kielelezo cha unyenyekevu, na huenda ni kweli, ila nadhani hatuna haki ya kuugeuza ukimya wa mtu kuwa fimbo ya kumpigia mwenziwe. Maana ukimya nao una namna zake. Bill Russell, aliyetwaa taji kumi na moja katika misimu kumi na mitatu ya Boston, aliposhurutishwa kukubali fulana namba 6 itundikwe mwezi wa Machi 1972, alitaka ifanyike kabla ya milango kufunguliwa, mbele ya wenziwe wachache na viti vitupu. Huo haukuwa unyenyekevu. Mtu mweusi ambaye nyumba yake iliwahi kuvunjwa na kuchafuliwa kwa matusi na kinyesi alikuwa anauambia mji kwamba hakucheza kwa ajili yao, aliwachezea wenziwe, na kwamba makofi yao yamechelewa. Takrima iliyokataliwa yaweza kuwa hukumu kali kuliko zomeo lolote.

Na wengi kupita hao hawakukataa wala hawakupewa. Kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili katika ligi nzima mwaka 2009, Mtanzania wa kwanza kufika huko, aliondoka baada ya mechi zake za msimu wa 2013–14 bila tarumbeta, kama waondokavyo wachezaji wengi kila mwaka, mkataba umekwisha na simu haikulia. Dikembe Mutombo wa Kinshasa alitoka amebebwa, goti limeharibika, katika mechi ya Aprili 2009, naye akiwa amekwisha kujenga hospitali kwao yenye jina la mama yake. Hapana mji uliomzungushia zawadi. Namtaja si kwa kuona wivu kwa niaba yake, bali kwa kuonyesha kwamba kipimo cha takrima hizi si manufaa aliyoyaleta mtu ulimwenguni. Ni kipimo cha shauku, na shauku haijapata kudai kuwa ina insafu.

Nimesikia watu wakisema, tangu ile helikopta ianguke Calabasas tarehe 26 Januari 2020 ikamwua Bryant na binti yake Gianna na watu saba wengine, kwamba sasa hoja imekwisha: bora aliagwa kwa fahari, kwa kuwa hakuishi miaka minne baada yake. Naistahi huzuni iliyomo katika kauli hiyo, lakini siikubali kuwa ni hoja. Waliompigia makofi Philadelphia hawakuwa na ilimu ya ghaibu. Walimuaga mchezaji, hawakumuaga marehemu. Tukianza kumpima kila anayestaafu kwa kifo ambacho huenda kinamngoja, itatubidi tumfanyie karamu kila mtu kila siku, na mitupo hamsini itakuwa michache.

Mfano wa takrima njema ninaoutaka ni wa tarehe 25 Februari 2019, huko huko Los Angeles. Dirk Nowitzki, Mjerumani aliyeichezea Dallas misimu ishirini na mmoja, alikuwa hajatangaza lolote, ingawa kila mwenye macho aliona kuwa miguu imekwisha. Timu yake ilikuwa inashindwa na Clippers na mechi ilikuwa imekwisha amuliwa. Zikiwa zimesalia sekunde tisa hivi, Doc Rivers, mwalimu wa Clippers, akaomba mapumziko, akaenda katika meza ya waamuzi, akachukua kipaza sauti, akamtaja Nowitzki kuwa mmoja wa wakubwa wa wakati wote, na kuwataka watu wake wainuke. Wakainuka. Mjerumani akapunga mkono, uso umemwiva kwa haya. Kisha mpira ukarushwa ndani, sekunde zikaisha, na Dallas wakashindwa kama walivyostahili kushindwa.